Nusu ya Yai

Nusu ya yai ilikuwa imelala juu ya nusu ya mkate. Pembeni yake kulikuwa na nusu ya ndizi, ganda lake limerudishwa juu vizuri, kama shuka aliyovutiwa mgonjwa hadi shingoni. Nilisimama jikoni na kikopo kile mkononi, kifuniko chake cha bluu kimebaki mezani, nikakitazama kwa muda mrefu kuliko chakula kilichopoa kinavyostahili kutazamwa. Ilikuwa siku ya tisa. Siku zote tisa kikopo kilirudi kutoka chekechea hivyohivyo: si kitupu, si kimejaa. Na haikuwa nusu ya mtoto aliyeshiba akaacha alipofikia, yenye alama za meno na kingo zilizotafunwa. Ilikuwa nusu safi, ya kitu kilichogawanywa.

Kazi yangu ni kukata vioo. Mtu kama mimi angepaswa kuitambua nusu ya makusudi hata gizani. Lakini siku ile niliona mabaki tu. Nikatoka uani nikawamwagia kuku wa jirani.

Dada yangu alikuwa na mwezi mmoja na siku chache kaburini.

Alinizidi miaka sita. Aliniogesha nilipokuwa mdogo, akanifundisha kufunga kamba za viatu, na hata nilipofikisha miaka thelathini na nne, ndevu kidevuni na funguo za karakana mfukoni, bado alikuwa ananiuliza kama nimekula. Aliumwa miezi saba. Mara ya mwisho tulipozungumza akiwa na nguvu za kuzungumza, nilivuta kiti karibu na kitanda nikajiandaa kusikia maagizo mazito: shule, vyumba vyake viwili, ndugu wa upande wa baba wa binti yake ambao hatukuwaona tangu mtoto azaliwe. Yeye akasema:

"Asubuhi hakikisha anakula."

"Sawa, dada."

"Wewe mwenyewe huli asubuhi. Nakujua. Unapiga chai ya rangi kwa kusimama, unakimbia. Usimzoeze hivyo."

"Sawa."

"Usiniambie sawa kama unamjibu mteja. Sema atakula."

"Atakula," nikasema.

Akafumba macho. Hilo ndilo agizo lililokuwa limebaki. Mengine yote aliyaacha yajipange yenyewe.

Mtoto alikuwa na miaka minne na miezi mitatu. Mama yake alimwita Punje, kwa sababu alizaliwa mdogo kiasi cha kutisha, na jina likamganda. Alikuja kwangu na mfuko mmoja wa nguo, mto wake mwenyewe, na kile kikopo chenye kifuniko cha bluu. Kishikizo cha kifuniko kilikuwa kimevunjika upande mmoja, kwa hiyo kilifungwa kwa mpira mwembamba mwekundu. Nilitaka kumnunulia kingine. Alikikumbatia kifuani akanigeuzia mgongo, nikaacha.

Karakana ilifunguliwa saa moja asubuhi, na chekechea ilikuwa njiani. Maana yake ni kwamba Punje alifika langoni kabla jua halijatulia, na mtoto wa miaka minne saa kumi na mbili asubuhi hafungui mdomo ila kwa kupiga miayo. Pale chekechea waliofika mapema waliruhusiwa kukaa kwenye meza fupi na kula walichobeba, hadi saa mbili. Kwa hiyo nilihitaji chakula kinachotengenezwa upesi, kisichomwagika, kinacholiwa kikiwa baridi, ambacho vidole vidogo vinaweza kukishika bila msaada. Linasikika kama jambo dogo. Nimewahi kupandisha kioo cha duka zima ghorofa ya tatu kwa kamba, na sikuhangaika vile.

Aliyenisaidia ni mwanamke aliyetengeneza fremu za picha katika karakana yetu. Sote tulimwita Mama Fremu. Alikuwa na watoto watano na maoni juu ya kila kitu.

"Leo umempa nini?" aliniuliza wiki ya kwanza, misumari midogo imebanwa midomoni.

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate."

Akatoa misumari mdomoni ili aseme vizuri. "Kaka yangu, huyo ni mtoto au njiwa?"

Akanifundisha. Mayai, chemsha jioni ya kutosha siku mbili, asubuhi unamenya tu. Shayiri, loweka kwenye maziwa ndani ya chupa ya jamu, ukiamka imekuwa uji bila kuwasha moto. Mkate, paka siagi ya karanga, weka ndizi katikati, kunja, bana. Kiazi kitamu, kata vipande vya kama kidole, maana mtoto hukiamini chakula anachoweza kukishika. Mayai na karoti iliyokwaruzwa, oka kwenye vikombe vidogo, hubebeka kama keki na mwenyewe atadhani ni keki. Niliandika yote kwa penseli ya seremala kwenye ubao wa kasha la vioo, nikaubeba nyumbani.

Kila asubuhi nilisugua mikono kwa sabuni na brashi hadi kucha, kisha nikaigeuzageuza chini ya taa. Kibanzi cha kioo hakionekani mpaka kiwake. Nilipohakikisha hakuna kinachowaka ndipo niligusa mkate wa mtoto.

Na kila alasiri nusu ilirudi. Tukifika nyumbani, Punje hakunipa kikopo mkononi. Alipanda kigoda, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, lile linalotazama barabara, akakisogeza mpaka kikae katikati. Nilidhani ni unadhifu. Nilisema moyoni, huyu ni mama yake mtupu.

Mwezi wa pili nikafanya kosa ambalo labda ni fundi vioo tu anayeweza kulifanya. Mteja akija na kipimo cha futi mbili, humkatii nne. Kioo kinachozidi ni hasara na ni hatari. Nikamtazama yule mtoto kwa siku ishirini na zaidi, nikaona kipimo chake ni nusu, wala hakibadiliki. Basi nikapunguza. Nusu ya yai, kipande kimoja cha mkate, nusu ya ndizi. Niliona nimekuwa na busara.

Jioni kikopo kilirudi na robo ya yai.

Nilibaki nimeshika ile robo katika kiganja. Nikapunguza tena, nikidhani labda huzuni inapunguza tumbo la mtoto kidogokidogo kama sabuni inavyoisha. Ikarudi nusu ya hiyo. Sketi yake ikaanza kushuka. Siku moja nilimkuta kiunoni ana pini ya usalama ambayo sikuiweka mimi.

"Nimeibana mimi," mwalimu wake aliniambia langoni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini ambayo watoto waliisikia kuliko kelele. "Baba, huyu mtoto anakonda. Nyumbani anakula?"

"Jioni anakula kidogo. Asubuhi nampa anachoweza kumaliza."

"Na anamaliza?"

Nilimshika Punje mkono, tukaondoka.

Nilipomsimulia Mama Fremu hesabu yangu, aliacha kugonga. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni. "Mtoto si dirisha," alisema. "Humchukui kipimo ukaondoka. Kaa naye umwone anavyokula."

Lakini nilikuwa nikimwacha langoni na kukimbia. Ndivyo nilivyoishi.

Kuna jambo nimelichelewesha makusudi, kwa sababu ni gumu kwangu kuliandika kuliko kifo chenyewe. Siku ya mazishi Punje alikuwa kwa jirani, akicheza na vifuniko vya chupa. Tuliporudi tulikaa katika chumba cha dada, viatu vikiwa na udongo, na shangazi yetu akasema mtoto wa miaka minne haelewi kifo, aambiwe mama yake amesafiri. Hakuna aliyepinga. Kisha wote wakanitazama mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa nakwenda kuishi naye. Nikaenda kwa jirani, nikachuchumaa mbele ya vile vifuniko vya chupa.

"Mama amesafiri," nikasema.

"Atarudi lini?"

Shangazi hakunipa jibu la swali hilo. Nililitafuta mwenyewe, na lililokuja ni hili: "Karibuni."

Hilo neno moja ni langu. Siwezi kumtwika shangazi.

Wiki ile mwalimu aliponiambia kuhusu kukonda, mpira wa watoto ulivunja dirisha la darasa lao. Akaniuliza kama nitaweza kuja kuweka kioo, nami nikafurahi kupata sababu ya kufika. Nilikwenda kesho yake, nikiwa nimemwacha Punje langoni kama kawaida, nikazunguka nje na ngazi yangu. Nilibandua puti ya zamani iliyoshika kioo, nikang'oa vigae vilivyobaki kwenye fremu, nikaanza kupima. Dirisha tupu ni sikio kubwa. Ndani, chini yangu kidogo, ilikuwa meza fupi, na watoto sita wanakula. Punje alikuwa ameketi kiubavu kwangu, hakuniona.

Alitoa mpira mwekundu, akauvaa mkononi kama bangili. Akafungua. Asubuhi ile, kwa woga wa maneno ya mwalimu, nilikuwa nimemwekea yai zima tena. Alilitoa, akaliweka kwenye kifuniko. Kisha akachukua kijiko chake cha plastiki, akakigeuza upande wa ukingo, akalikata katikati polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alinyanyua nusu mbili akazilinganisha. Moja ilikuwa kubwa kidogo. Hiyo akairudisha kikoponi. Ile ndogo akala.

Msichana mmoja wa misuko miwili alinyoosha mkono. "Nipe hiyo ya kubaki."

"Ya mama."

"Mama yako hayupo."

"Amesafiri. Akirudi atakuwa na njaa."

Yule wa misuko alitafuna kwanza, akamaliza. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anatoa habari. "Mama yangu amesema mama yako amekufa."

"Mjomba amesema amesafiri."

"Basi mjomba wako mwongo."

"Mjomba hadanganyi," Punje alisema, akifunga kifuniko na kurudisha mpira mahali pake. "Mjomba anapima."

Nilikuwa na tepu ya kupimia mkononi, imefunguka. Sijui nilisoma namba gani. Nilishuka, nikalaza kioo kwenye blanketi, nikapitisha kisu cha almasi, nikavunja, na nilipokinyanyua hadi kwenye fremu kilikuwa kifupi kwa upana wa vidole viwili. Miaka kumi na minne sikuwa nimekata kioo nikakosea hivyo. Nilikaa chini ukutani, kile kioo magotini, na ndipo nikakumbuka.

Nikakumbuka alasiri moja, dada akiwa bado hai. Nilikuwa nimetumwa kazi karibu na kwake, nikapita bila taarifa. Alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, akila ukoko wa mkate na kipande cha yai kilichokunjamana. Punje alikuwa amesimama mbele yake, mikono magotini, anautazama mdomo wa mama yake jinsi mtu anavyotazama maji yakichemka. Dada alitafuna taratibu sana. Alimeza kwa shida, macho yakajaa maji, akatabasamu. "Amenibakizia," aliniambia. "Vingine vyote vinanikataa. Hiki cha kwake kinapita." Mimi niliona mama anayemaliza mabaki ya mwanawe, kama mama wote. Nikamuuliza habari za dawa, nikaondoka.

Miezi saba yule mtoto alimlisha mama yake. Kisha mimi nikamwambia mama atarudi karibuni, nikaanza kumpunguzia chakula, naye akaendelea kugawa kila nilichompa. Kila alasiri alikiweka dirishani ili mwenye njaa akitokea barabarani akione. Na kila jioni mimi nilikwenda kukimwaga.

Nilikata kioo kingine, nikakiweka, nikapaka puti. Kisha nikamwomba mwalimu nimchukue Punje mapema. Alimfunga kamba za viatu, akamshika kichwa kidogo kabla hajamwachia.

Nyumbani ilikuwa saa sita, jikoni kumejaa jua. Punje alivuta kigoda, akaweka kikopo chake kizingitini. Nilikaa sakafuni ili nisimzidi urefu.

"Punje. Mama hakusafiri."

Alinitazama.

"Mama aliumwa sana, akafa. Tulimzika siku ile ulipokuwa kwa jirani. Mimi nilikuambia amesafiri. Nilikudanganya."

Nilingoja alie. Alishuka kwenye kigoda, akasimama amekishika.

"Kwa hiyo hayuko njiani?"

"Hayuko njiani."

"Hana njaa?"

"Hana njaa tena. Wala haumwi."

Akafikiri. Nje gari lilipita, likatikisa kioo cha dirisha. "Zile nilizombakizia, alikula nani?"

Ningeweza kusema uongo wa pili, na ulikuwa tayari, mtamu, umejileta wenyewe. Nikaumeza.

"Niliwapa kuku wa jirani."

"Zote?"

"Zote."

"Ndiyo maana wamenenepa," alisema. Kisha uso wake ukakunjamana kuanzia kidevuni, na akalia kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kumsikia mtoto akilia, bila kelele, mdomo wazi, akitafuta hewa. Nilimshika. Alinipiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, nikaziacha zipige. Alipochoka aliuliza, uso ukiwa bado shatini mwangu, "Utanidanganya tena?"

"Hapana."

"Sema hutanidanganya."

"Sitakudanganya."

Siku mbili hakugusa kitu asubuhi. Kikopo kilirudi kama kilivyokwenda, mpira haujaguswa. Siku ya tatu nilikifungua, nikakuta nusu. Nusu ya yai, nusu ya mkate. Niliona kazi yote imeharibika, kwamba hakuelewa, kwamba itabidi nimuue mama yake upya.

"Punje," nikasema, "hii ya nani?"

"Yako. Mama alisema wewe huli asubuhi."

Nilikula nikiwa nimesimama dirishani. Yai lilikuwa limekauka, ute umekuwa kama mpira, na kiini kilinikwama kooni. Alisimama mbele yangu, mikono magotini, akiutazama mdomo wangu mpaka nilipomeza.

Kesho yake tuliamka nusu saa mapema zaidi. Niliweka sahani mezani, yai langu na mkate wangu, nikala mbele yake, huku yeye akisinzia kwenye kiti na kunisimamia kama mlinzi. Kikopo chake nilikijaza. Kilirudi kitupu siku ya kwanza, na ya pili, na sikumbuki tena lini niliacha kukichungulia. Mwalimu aliondoa ile pini ya usalama, akanirudishia ikiwa imefungwa kwenye karatasi.

Hayo yalitokea miaka ishirini na sita iliyopita. Nimeyaandika wiki hii kwa sababu Jumapili Punje alinipigia simu kutoka mji anakoishi na mumewe. Ana binti, naye Jumatatu alikuwa anaanza chekechea.

"Mjomba, ulikuwa unanipa nini asubuhi? Kitu cha haraka, cha kubeba. Huku mimi na baba yake tunatoka kama tunafukuzwa."

"Hukumbuki?"

"Nakumbuka kikopo cha bluu. Na kuku wa jirani, sijui kwa nini, wanene hao." Akacheka. "Mengine sikumbuki kabisa."

Sauti yake inapocheka ni ya mama yake, na kila mara huwa nahitaji sekunde moja. Kisha nikamsomea yale ya Mama Fremu, maana ule ubao wa kasha bado ninao, umeegemea ukuta nyuma ya mlango wa jikoni. Shayiri kwenye chupa ya jamu. Mkate wa kukunja. Kiazi cha vidole. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza upande wa pili.

"Na yai la kuchemsha," nikasema. "Mwekee zima. Usilikate."

"Kwa nini nisilikate? Ana mdomo mdogo huyu."

Nilitazama kizingiti cha dirisha. Hakuna kitu pale siku hizi, ila mwanga.

"Likikatwa linakauka," nikasema.